Alfred Büchi: Mswisi aliyeifundisha injini kupumua mlimani

Hebu simama kando ya barabara pale Sironga, kaunti ya Nyamira, jioni moja ya wikendi, usikilize magari yanavyopanda mlima. Kwanza inapita Probox iliyobeba abiria hadi buti. Inalia, dereva anashusha gia, inalia tena, mwendo ni ule ule. Dakika chache baadaye kinakuja kigari kidogo, hachibaki ambayo ukiiona imeegeshwa hutaidhania lolote. Kinanguruma, kinapiga mluzi mwembamba, halafu kinapotea kwenye kona na kuacha sauti ya pshhh nyuma yake. Vijana wote kwenye steji wanageuza shingo.

Mluzi ule una mwenyewe. Anaitwa Alfred Büchi, injinia wa Uswisi aliyefariki mwaka wa 1959. Kila turbo unayoisikia, iwe ya Subaru, ya trela la mizigo au ya meli inayotia nanga Mombasa, inatokana na wazo aliloliandikisha akiwa na umri wa miaka 26. Mainjinia wa injini duniani kote wanamfahamu jamaa huyu. Na kama unaweka akiba ili fundi akubadilishie filta na paipu za hewa, gari lako liwe linaitikia haraka, basi maisha yake yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Mtoto wa kiwandani

Büchi alizaliwa Julai 11, 1879 huko Winterthur, mji wa viwanda karibu na Zurich. Kwao nyumbani injini haikuwa kitu cha ajabu. Babake, Johannes, alikuwa mkubwa katika kampuni ya Sulzer, mojawapo ya viwanda vikubwa vya mashine nchini humo. Wenzake wakicheza, yeye alikuwa anakua akisikia habari za mvuke, pistoni na chuma.

Mwaka wa 1899 alijiunga na chuo cha ufundi cha Zurich, ambacho leo kinajulikana kama ETH. Wakati huo kulikuwa na mwanafunzi mwingine pale aliyekuwa anakaribia kumaliza, jina lake Albert Einstein. Büchi alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka wa 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Huko ndiko kichwa chake kilipoanza kusumbuliwa na jambo moja: hasara.

Ona, injini ya mafuta ni mashine yenye ubadhirifu. Ukiweka mafuta ya shilingi 1,000, sehemu ndogo tu ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Karibu theluthi moja ya nguvu inapotea kama joto kwenye maji ya rejeta na kwenye chuma. Theluthi nyingine inatoka kwenye paipu ya moshi, ikiwa bado moto, bado na kasi, bado na kazi ya kufanya. Wenzake waliona moshi. Büchi aliona mfanyakazi anayefukuzwa kazini saa nne asubuhi.

Wazo lake lilikuwa hivi. Chukua ule moshi unaotoka kwa nguvu, uelekeze kwenye gurudumu lenye mapanga, yaani turbaini. Gurudumu likizunguka, lizungushe gurudumu la pili lililo kwenye shafti hiyo hiyo. Hilo la pili kazi yake ni kuvuta hewa safi kutoka nje, kuibana, na kuisukuma ndani ya silinda. Novemba 16, 1905, aliandikisha hataza ya wazo hilo nchini Ujerumani. Ni mwaka ule ule ambao Einstein, akiwa karani wa ofisi ya hataza jijini Bern, alitoa nadharia zake zilizotikisa fizikia.

Hewa ndiyo nguvu

Hapa wacha tusimame kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea.

Watu hudhani nguvu ya injini ni mafuta. Kumwaga mafuta ndani ya silinda ni kazi rahisi, injekta itakumwagia ukitaka. Kazi ngumu ni kupata hewa ya kuyachoma. Mafuta bila hewa ya kutosha yanatoka moshi mweusi tu. Kwa hivyo injini ni pampu ya hewa kabla haijawa kitu kingine, na ukitaka nguvu zaidi kutoka kwa injini ile ile lazima uiingizie hewa zaidi.

Sasa fikiria Sironga. Nyanda hizi za Kisii na Nyamira ziko juu, na ukipanda hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa inakuwa nyembamba kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Silinda inavuta hewa kiasi kile kile kwa ukubwa, lakini ndani yake oksijeni imepungua. Gari lisilo na turbo lililokuwa na nguvu za farasi 100 pale Likoni, huku kwenye majani chai linabaki na kama 80 hivi. Si kwamba limeharibika. Linahema.

Tatizo hili ndilo lililoifanya dunia ianze kumsikiliza Büchi, ingawa si kwa haraka aliyotaka.

Miaka 20 ya kungoja

Alirudi Uswisi na kuingia Sulzer, kampuni ile ile ya babake, akaongoza utafiti wa injini za dizeli. Kufikia mwaka wa 1911 alikuwa na mtambo wa majaribio. Mwaka wa 1915 alikuwa na injini ya kwanza yenye turbo, iliyonuiwa kuisaidia ndege isiishiwe na pumzi angani. Lakini haikutegemeka. Vyuma vya enzi hizo havikustahimili moshi wenye joto la kuyeyusha risasi, huku mapanga yakizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mwaka huo huo alijaribu kuwavutia Brown Boveri, kampuni iliyobobea katika turbaini, lakini mazungumzo hayakuzaa matunda.

Jiweke kwenye viatu vyake. Umepata wazo ukiwa na miaka 26. Una miaka 36 sasa, na bado halifanyi kazi. Kuna wenzako wanaolichukua na kukimbia nalo. Nchini Ufaransa, Auguste Rateau alikuwa anaweka turbo kwenye injini za ndege za kivita. Nchini Marekani, mwaka wa 1918, Sanford Moss alibeba injini ya ndege aina ya Liberty kwa lori hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak, kama mita 4,300 juu. Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 350 ikiwa bondeni. Kileleni, bila turbo, ilishuka hadi 230. Alipoiwasha turbo ikafika 356. Dunia ikaona kwa macho kwamba wazo la yule Mswisi halikuwa ndoto, ila aliyekuwa amesimama kileleni ni mtu mwingine.

Büchi hakuacha. Alibaki Winterthur na dizeli zake kubwa za meli na mitambo, kazi isiyo na picha za magazetini. Mwaka wa 1923 Brown Boveri walibadili msimamo, na Juni 1924 turbo yao ya kwanza ilitoka kiwandani Baden, ikaenda kwenye injini ya majaribio ya kiwanda cha SLM cha Winterthur. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu hataza ile ya kwanza.

Siri ilikuwa kwenye mabomba

Mwaka wa 1925 ndipo Büchi alipofanya jambo ambalo kila mpenda magari anafaa kulijua, kwa sababu lilihusu mabomba, na hasa unene wa mabomba.

Fikra ya kawaida ilikuwa kwamba moshi wa silinda zote ukusanywe kwenye bomba moja kubwa, upoe na kutulia, halafu uende kwenye turbaini kama mto. Büchi alitazama vizuri akagundua kwamba moshi hautoki kama mto. Unatoka kwa mapigo, kama moyo. Kila silinda inapofungua vali yake, pigo moja kali linaruka nje. Ukiyamimina mapigo hayo yote kwenye bomba kubwa, yanazama humo na nguvu yake inapotea. Vilevile pigo la silinda moja linaweza kurudi kuisumbua jirani yake ambayo ilikuwa bado inajisafisha.

Kwa hivyo akafanya kinyume. Aliweka mabomba membamba na mafupi, akayapanga kwa makundi, kila kundi likiwa na silinda ambazo mapigo yake hayagongani. Kila bomba lilifika kwenye turbaini kivyake. Pigo likafika likiwa bado na makali, likapiga mapanga. Kati ya pigo na pigo, shinikizo kwenye bomba likashuka, na hapo vali ya kuingiza na ya kutoa zikaachwa wazi pamoja kwa muda mfupi. Hewa safi iliyobanwa ikapita ndani ya silinda, ikafagia moshi uliobaki na kupoza chuma. Akaandikisha hataza ya mfumo huo.

Matokeo yalionekana baharini. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipewa injini za silinda kumi zenye turbo zilizotengenezwa chini ya uangalizi wake. Injini ambayo bila turbo ingetoa nguvu za farasi 1,750 ilitoa 2,500. Ukubwa ule ule, chuma kile kile, na ongezeko la zaidi ya asilimia 40.

Mwaka wa 1926 aliondoka Sulzer na kuanzisha ushirika pamoja na Brown Boveri na SLM. Brown Boveri walitengeneza turbo, SLM wakashughulikia injini, naye Büchi akawa mtaalamu wa kuunganisha viwili hivyo na kuwatafutia wateja. Mwaka wa 1938 chuo chake cha Zurich kilimtunuku shahada ya udaktari ya heshima. Mwaka huo huo kampuni ya Saurer, ya kwao Uswisi, iliweka turbo kwenye lori la dizeli. Turbo ilikuwa imeshuka kutoka melini hadi barabarani.

Büchi alifariki Winterthur Oktoba 27, 1959, akiwa na umri wa miaka 80. Magari madogo ya kwanza yenye turbo kuuzwa madukani, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder, yalitoka Marekani mwaka wa 1962. Alikosa kwa miaka mitatu tu kuona wazo lake likiegeshwa nje ya nyumba ya mtu wa kawaida.

Hadi kwenye tope la Safari Rally

Sisi huku tulilijua jina lake la kazi kupitia mbio za magari. Mwaka wa 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica Twincam Turbo. Mwaka wa 1985 Juha Kankkunen akashinda kwa gari kama hilo, na 1986 Waldegård akarudia. Kisha ikaja Lancia Delta Integrale, kigari cha milango mitano chenye mlango wa nyuma wa kuinuka, injini ya lita mbili na turbo. Miki Biasion alishinda nacho 1988 na 1989. Mwaka wa 1994 ikawa zamu ya mwana wa nyumbani, Ian Duncan, kwenye Celica yenye turbo, huku Patrick Njiru akimaliza wa nne kwenye Subaru Impreza. Tangu hapo jaribu kumwambia kijana wa Kenya kwamba Subaru ni gari tu!

Unajua wakuu wa mbio hizo hudhibiti vipi nguvu za magari? Hawagusi mafuta. Wanabana hewa. Kuanzia 1995, magari ya daraja la juu yalilazimika kuvuta hewa yote ya turbo kupitia tundu la milimita 34, na mwaka wa 2017 likapanuliwa hadi milimita 36. Tundu unaloweza kuliziba kwa ndimu ndilo linaloamua nguvu za gari la mamilioni ya pesa.

Kabla hujampa fundi pesa zako

Sasa turudi kwako na kigari chako. Umeambiwa ukiondoa boksi la filta la kiwandani na kuweka ile filta ya umbo la pia, gari litaitikia mguu papo hapo. Tuipime ahadi hiyo kwa hesabu ya Büchi.

Kwanza, gari lisilo na turbo. Filta ya kiwandani ikiwa safi, huwa haiibani injini sana, kwa hivyo faida ya kuibadilisha ni ndogo. Utakachopata kwa hakika ni sauti. Gari litanguruma zaidi, na sikio litakudanganya kwamba mwendo umeongezeka. Tena, paipu ndefu ya kiwandani haikuwekwa kwa bahati mbaya. Urefu wake umepimwa ili mawimbi ya hewa yafike kwenye vali kwa wakati unaofaa katika mwendo wa kawaida. Ukiikata fupi, unaweza kupata kidogo injini ikizunguka kwa kasi sana, ukapoteza pale chini, pale pale unapohitaji nguvu ukitoka kona ya mlima na gia ya pili.

Pili, joto. Filta iliyo wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyopikwa na injini. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 55, inapungua uzito kwa karibu asilimia 9. Umelipa pesa ili gari lidhani limepanda mlima mwingine juu ya ule wa Sironga.

Tatu, gari lenye turbo. Hapa filta iliyo huru inasaidia kiasi, kwa sababu kompresa haihangaiki kuvuta, na turbo inaweza kuamka mapema kidogo. Lakini ule muda wa kungoja, kati ya kukanyaga mafuta na kurushwa kwenye kiti, unatokana hasa na mambo mawili: turbaini kuchukua muda kufika kasi yake, na nafasi yote kati ya turbo na injini kujazwa hewa iliyobanwa. Ukiweka turbo kubwa, intakula kubwa na mapaipu manene kama ya maji taka, umeongeza vyote viwili. Huku juu tatizo ni kubwa zaidi, kwani kabla turbo haijaamka, gari lako linahema kama ile Probox.

Ndiyo maana magari mengi ya kisasa yenye turbo hugawa moshi kwa njia mbili zinazofika kwenye turbaini bila kuchanganyika. Ni yale yale mabomba ya 1925. Mzee aligundua karne moja iliyopita kwamba bomba jembamba lililopangwa vizuri linaitikia haraka kuliko bomba kubwa lililowekwa kwa majivuno.

Basi ukienda gereji, anza na mambo ya bei nafuu. Uliza filta uliyo nayo ilisafishwa au kubadilishwa lini, maana vumbi la barabara za ndani huiziba mapema. Mwambie fundi akague mipira na klempu za paipu za hewa, kwa sababu tundu dogo baada ya sensa ya hewa huvuruga hesabu ya kompyuta ya gari, na kwenye gari la turbo hewa iliyobanwa huvuja na uvivu ukaanza. Uliza hewa ya hiyo filta mpya itatoka wapi, nje ya gari au juu ya injini moto. Na kama ni filta ya kupakwa mafuta, muulize imepakwa kiasi gani. Yakizidi yanachafua sensa, na yakipungua vumbi linapita, linaingia na kula silinda taratibu kama msasa.

Fundi akishindwa kukujibu hayo na anakuonyesha rangi ya filta tu, rudisha pesa mfukoni. Büchi alisubiri miaka 19 kuona turbo ikitoka kiwandani kwa ajili ya kazi yake. Wewe unaweza kusubiri hadi mwezi ujao.